Neno la Kazi ya Mama

Matofali yaliletwa Jumanne asubuhi, yakapangwa ukutani kwenye korido ya nyumba ya Fundi Rangi, kuanzia mlango wa mbele hadi karibu na jiko. Mleta matofali alitaka kuyashusha nje, lakini Fundi Rangi alisisitiza yaingizwe ndani kabisa, mkewe ayaone kila akipita. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpaka rangi ambaye goti lake la kulia lilikuwa limegoma kupanda ngazi, na siku hizi hakuna anayemwita mpaka rangi wa kupaka kuta nusu na kuacha dari. Nyumba aliyorithi ilikuwa na korido ya hatua ishirini na mbili, refu bila sababu, na vyumba vyote vilifunguka upande wa nyuma. Kwa hiyo, kwa hesabu yake, ukuta mmoja katikati ungetosha kumpatia chumba cha kupangisha kule mbele.

"Jumamosi mwashi anakuja," alimwambia mkewe. "Mpangaji nimeshampata. Mtu mpole, hata redio hana."

"Na mimi nitasokotea wapi?"

"Sokotea uani."

"Uani ni hatua tisa, baba watoto."

"Basi sokota kamba fupi. Dunia yenyewe siku hizi inapenda vitu vifupi."

Mkewe hakucheka. Mtaa mzima ulimwita Mama Nyuzi, na kazi yake ilikuwa kusokota kamba za mapambo: kamba za mapazia, kingo za mito na viti, na vile vishada vinavyoning'inia kwenye ncha. Nyuzi zilitandazwa urefu wa korido, upande mmoja zimefungwa kwenye ndoano ya ukutani, upande wa pili kwenye gurudumu la kuzungusha kwa mkono. Zikishakazika, zinakunjwa katikati, zinaachiwa zijisokote zenyewe. Nyuzi za hatua ishirini na mbili zikimaliza safari hiyo hutoa kamba isiyofika hata hatua kumi, na kamba ya pazia haiungwi katikati, kwa sababu kiungo kinaonekana kama kiraka usoni. Uani zingetoka kamba za kufungia zawadi. Kujenga ukuta ule kulikuwa ni kumfukuza kazi, ingawa hakuna aliyelitamka neno hilo.

Karibu na ndoano, mwisho wa korido, ndipo alipokaa mama mkwe wake, Bibi. Ndiye aliyeanzisha kazi hii. Sasa vidole vyake vilikuwa vimekakamaa na havikuweza kushika uzi, lakini hakuna kamba iliyotoka mle ndani bila yeye kuipapasa kwanza.

"Anajenga?" Bibi aliuliza.

"Anajenga, mama."

"Nilimzaa mwenyewe," alisema Bibi, "sina wa kumlaumu."

*

Mjini kulikuwa na jumba la maigizo la zamani, la serikali, lililokuwa likikarabatiwa, na kila mtu alijua kwamba hata pazia la jukwaani lingefanyiwa matengenezo. Binti wa Mama Nyuzi alikuwa amepata kibarua cha miezi mitatu katika ofisi ya ukarabati huo, akipiga chapa barua na orodha za vifaa. Mama yake alikuwa amemwomba mara mbili aulize habari za kamba. Binti akajibu mara mbili kwamba ataangalia nafasi. Jumatano, baada ya kuyakwepa yale matofali tangu alfajiri, Mama Nyuzi alichoka kusubiri nafasi. Akaweka sampuli zake kwenye mfuko, akaenda mwenyewe.

Dada wa mapokezi alikuwa anakunywa chai.

"Unamtafuta nani, mama?"

"Nimesikia mnatengeneza pazia. Mimi nasokota kamba."

"Kamba za kuanikia nguo?"

"Za pazia. Na vishada vyake."

"Una cheti?"

"Nina hizi." Mama Nyuzi alianza kuzitoa sampuli mfukoni, moja ya rangi ya dhahabu, moja nyekundu iliyoiva.

"Usinitandazie vitu hapa, tafadhali. Hizi ni kazi za kitaalamu. Kamba tukitaka, duka la vyombo liko hapo mbele." Akageuka kwa mwenzake nyuma ya kioo akitaka acheke naye. "Watu wanaamka na kamba siku hizi."

Mwenzake nyuma ya kioo alikuwa ni binti wa Mama Nyuzi. Hakucheka. Lakini wala hakuinua kichwa. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi, vidole vinakwenda, na sikio moja tu, lililokuwa limewaka moto, ndilo lililoonyesha kwamba amesikia. Mama Nyuzi alimwona. Aliona vilevile blauzi nyeupe aliyoinyoosha asubuhi kwa mkono wake, akaona jinsi inavyompendeza mtoto katika ofisi ile. Akakusanya sampuli zake, akasema asante, akapita mbele ya kioo kama anavyompita mtu asiyemjua, kwa sababu alihisi ndivyo mtoto alivyotaka.

*

Kesho yake, Alhamisi, msanifu aliyesimamia ukarabati alimletea binti barua ya kupiga chapa. Ilikuwa ya kuomba kibali cha kuagiza vifaa ng'ambo. Katikati ya orodha, baina ya taa na zulia la ngazi, kulikuwa na neno la Kiingereza ambalo hakuwahi kuliona: passementerie. Aliliandika herufi moja moja kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mbele yake msanifu alikuwa ameandika maelezo mafupi: hakuna mtengenezaji nchini.

"Hiki ni nini?" alimuuliza dada wa mapokezi.

"Kitu cha Ulaya. Wewe piga tu."

Akapiga. Lakini binti huyu alikuwa na ugonjwa mmoja tangu shule ya msingi: neno asilolijua lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Saa ya chakula cha mchana alikwenda maktaba ya mji, akaomba kamusi kubwa, ile iliyopoteza jalada. Ilimweleza kwamba hilo ni neno la kizamani ambalo Kiingereza kililiazima kutoka Kifaransa, na maana yake ni ufundi wa kutengeneza kamba za kusokotwa, kingo na vishada vya kupambia mapazia, nguo na samani.

Alisoma mara tatu. Mtunza maktaba alimwona anafunga kamusi taratibu, anaifungua tena, anaifunga. Maisha yake yote alikuwa ameruka kamba za mama yake ili afike chooni. Shuleni, kwenye nafasi ya kazi ya mzazi, alizoea kuandika "mama wa nyumbani," kwa sababu hakujua aandike nini kingine na aliona haya kuandika kamba. Na asubuhi ileile, kwa vidole vyake mwenyewe, alikuwa ameandika kwamba mama yake hayupo.

*

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika nyumbani. Mama Nyuzi alikuwa kwenye gurudumu, akisokota kwa haraka ya mtu aliyebakiwa na siku mbili.

"Mama, kazi yako ina jina."

"Ina jina. Kusokota."

"Jina lingine. La vitabuni." Akamwambia neno, maana yake, na barua ilivyosema. Kisha akasimama pale, mkoba ungali begani, akasema lile lililokuwa gumu zaidi. "Jana nilikuona, mama."

"Najua. Na mimi nilikuona."

"Sikukuita."

"Ungeniitaje? Nilikuwa na vumbi la matofali hadi kwenye nyusi. Ile ni ajira yako."

Angemgombeza, binti angepumua. Huruma hii ilimchoma kuliko kofi. Alilia kidogo, wima, na mama yake akaendelea kuzungusha gurudumu, maana nyuzi zikiachwa katikati zinafumuka, na kilio cha mtoto mzima hakina haraka.

"Kesho msanifu anatia saini," binti alisema alipomaliza. "Twende wote. Nitakutambulisha mimi mwenyewe."

"Nikamwambie nini? Kwamba nasokota? Nimeshawaambia, wakanielekeza duka la vyombo."

"Mwambie hili neno. Wao hawasikii mpaka uwasemeshe kwa lugha ya karatasi zao."

Mama Nyuzi hakupenda. Alisema ana miaka hamsini na minne na hajawahi kuhitaji Kifaransa ili kusokota. Lakini aliyatazama matofali, akakata shauri. Binti alimwandikia neno nyuma ya karatasi ya kalenda, akalitundika ukutani juu ya ndoano. Kazi ya kutandaza nyuzi ni ya kutembea kinyumenyume, uzi mkononi, hatua kwa hatua, na hivyo ndivyo alivyolijifunza: kipande kimoja cha neno kwa hatua moja, kwenda na kurudi. Pas, men, tri. Katika safari ya nne ulimi wake ulikuwa bado unateleza. Safari ya tisa ukashika.

Fundi Rangi alichungulia kutoka jikoni. "Unasali kwa lugha gani?"

"Natamka kazi yangu."

"Kazi yako ina Kiingereza?"

"Kiingereza kililiazima tu," alijibu Mama Nyuzi. "Ina Kifaransa."

Mumewe alirudisha kichwa jikoni.

*

Ijumaa walifika ofisini pamoja. Mama Nyuzi alivaa gauni lake la bluu la shughuli. Dada wa mapokezi alifungua mdomo, lakini binti alimwahi.

"Huyu ni mama yangu," alisema, kwa sauti iliyowafikia hata mafundi bomba waliokuwa ngazini. "Tunakwenda kwa msanifu."

Msanifu alikuwa mtu wa miraba minne, mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani. Barua ilikuwa mbele yake, kalamu iko mkononi.

"Mzee," binti alisema, "kuna jambo nimeliandika ambalo si kweli. Kwamba hakuna mtengenezaji nchini."

"Wewe unamjua?"

"Ndiye huyu."

Msanifu alimtazama Mama Nyuzi kwa adabu, adabu ile ya mtu anayetaka mambo yaishe. "Mama, unafanya kazi gani?"

Mama Nyuzi akajikuta amerudi nyuma hatua tatu ndogo, maana neno lilikuwa limezoea miguu, akalitamka. Lilitoka safi. Msanifu alishusha kalamu.

"Nani amekufundisha neno hilo?"

"Binti yangu, jana. Kazi yenyewe nilifundishwa miaka thelathini iliyopita, na aliyenifundisha hakujua kama ina neno."

Msanifu akatabasamu, safari hii kweli. Alivuta mtoto wa meza, akatoa kipande cha kamba ya zamani ya dhahabu, imefifia lakini haijakatika, na kishada chake kikubwa kama birika. "Nikueleze tatizo langu," alisema. "Nusu ya kamba za pazia ni nzima, nusu zimeliwa na panya. Nataka kubadilisha zilizoliwa tu. Lakini kamba hizi zimesokotwa kinyume. Tazama mistari inavyolala. Nimeandikia viwanda vinne, vyote vinasokota upande mwingine, na ukiziweka pamoja hata mtoto anaona. Nafikiri zilitoka kwenye karakana moja huko ng'ambo ambayo haipo tena. Nimepata kampuni inayosema itajaribu kuziiga."

Mama Nyuzi aliichukua. Aliipitisha kwenye vidole, macho kayafumba, kama alivyomwona mwingine akifanya kila siku. Halafu akaanza kucheka taratibu hadi binti akaingiwa na wasiwasi.

"Hii ni ya mama mkwe wangu."

"Mama, hizi ni za miaka mingi sana. Zilinunuliwa kwa mfanyabiashara wa mapazia, akasema ni za ng'ambo."

"Mfanyabiashara mwenye gari la kijani. Alikuwa anakuja kuchukua. Tukimuuliza zinakwenda wapi, anasema kwa wakubwa." Akaigeuza kamba. "Lakini hilo la kinyume sijalielewa. Kwani kuna upande mwingine?"

Ilibidi msanifu amwonyeshe kamba ya kiwandani. Mama Nyuzi aliziweka sambamba, akazitazama kwa muda mrefu. Alipoolewa alifundishwa akiwa amesimama bega kwa bega na mama mkwe wake, akaiga kila kitu, mkono hadi kidole. Na mama mkwe wake ni mtu wa mkono wa kushoto. Gurudumu lilizungushwa vile, kamba zikalala vile, na katika nyumba ile hakuna aliyewahi kujua kwamba dunia nzima inazungusha huku. Miaka thelathini alikuwa amekosea, na kosa lenyewe ndilo hili linalotafutwa kwa barua hadi ng'ambo.

"Naomba kitasa cha dirisha," alisema.

Alitoa kibunda cha uzi wa dhahabu mfukoni, akafunga ncha kwenye kitasa, akatandaza chumba kizima hadi mlangoni, binti akasogeza viti. Gurudumu hakuwa nalo, akatumia kalamu ya msanifu. Alizungusha, akakaza, akakunja, akaachia. Kamba ikajisokota mbele yao bila papara. Akailaza mezani kando ya ile ya zamani. Moja ilikuwa mpya na nyingine imefifia, hiyo ndiyo tofauti pekee. Dada wa mapokezi, ambaye sasa alikuwa amesimama mlangoni akisingizia kuleta chai, alinyoosha shingo kuzitazama zote mbili.

Msanifu akafanya kile ambacho watu wa ofisini hufanya wakishafurahi: akatafuta njia ya kutobadilisha karatasi. "Sawa kabisa," alisema. "Tufanye hivi. Ile kampuni ibaki kwenye barua, wao ndio wanajulikana. Wewe utakuja kama kibarua wao, ulipwe kwa siku. Kazi utaipata ileile."

Binti alimwangalia mama yake. Alijua matofali yanavyosubiri nyumbani, akajua mama yake amezoea kupokea anachopewa na kusema asante.

"Hapana, baba," alisema Mama Nyuzi. "Kazi hiyohiyo siitaki. Mmeandika kwamba hakuna. Mimi nipo, nimekaa hapa, nimetumia kalamu yako. Nikiwa kibarua wao, mtakuwa mmeandika tena kwamba hakuna. Andikeni lile neno, na mbele yake mniandike mimi. Na mwandike kwamba za kwanza nazo zilitoka nyumbani kwangu, kwa mikono ya mama mkwe wangu. Msipoandika, nitarudi na kamba yangu, na nyinyi mkaijaribu ya kuigwa."

Alikuwa hajawahi kusema maneno mengi hivyo mfululizo mbele ya mtu mwenye meza. Hakuondoa mkono wake kwenye ile kamba.

Msanifu alivua miwani ya usoni, akavaa ya kichwani, akaisoma barua yake upya. Kisha akaichana katikati, akampa binti karatasi nyeupe.

"Piga chapa," alisema. "Mama atakusomea."

Na binti akapiga, neno lile herufi kwa herufi, na baada yake jina kamili la mama yake, ambalo hakuwahi kuliandika kwa raha namna ile. Aliona fahari hadi vidole vikamkosea mara mbili, akaanza upya, hakujali.

*

Nyumbani walimkuta Fundi Rangi ameketi juu ya matofali. Binti ndiye aliyesimulia, na alitia chumvi kidogo pale pa dada wa mapokezi. Fundi Rangi alisikiliza hadi mwisho. Aliinuka, akachukua matofali mawili, akayatoa nje. Akarudi, akachukua mengine mawili. Mkewe alimwambia aangalie goti. Akajibu kwamba goti ni lake, na mwashi atapelekewa habari, na huyo mpangaji asiye na redio atafute nyumba nyingine. Kuomba msamaha hakuomba, lakini aliyabeba yote mwenyewe, huku akichechemea, na majirani waliotaka kumsaidia aliwaambia mkewe anahitaji korido yake kwa kazi ya serikali.

Mama Nyuzi alikwenda kukaa karibu na ndoano, chini, miguuni pa Bibi.

"Mama, unamkumbuka mtu wa gari la kijani?"

"Aliyekuwa ananipunja? Namkumbuka."

"Kamba zako alizipeleka jumba la maigizo. Zile za dhahabu. Ziko jukwaani hadi leo."

Bibi alikuwa amepita mbele ya jumba lile mara zisizo na hesabu, akienda sokoni, akirudi, na hakuwahi kuingia ndani.

"Wanajua ni zangu?"

"Nimewatajia jina lako. Nimewaona wakiandika."

"Zimeoza?"

"Nusu zimeliwa na panya. Nusu ni nzima. Zile nzima hazitolewi, mama, na zangu zitatundikwa kando yake."

Bibi aliinyoosha mikono yake iliyokakamaa, akaomba aletewe kile kipande kipya kilichosokotwa kwa kalamu. Alikipapasa kuanzia ncha hadi ncha, bila haraka, mara moja, halafu tena.

"Watu wakikaa pale chini wakatazama," aliuliza, "watajua ipi ni yangu na ipi ni yako?"

"Hawatajua, mama. Kwa msokoto, hata msanifu ameshindwa kuzitofautisha."

Bibi alimrudishia kamba.

"Basi nilikufundisha," alisema.